Kijana anatibiwa nafsi kwa simu, baba yake hataki kusikia

Assalamu alaikum dada mshauri,

Nakuandikia kutoka Malmö, Uswidi, ingawa mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale. Huku niko mwaka wa kumi na moja. Mume wangu ni Msyria wa Aleppo, Halab kama wanavyouita wenyewe. Tulijuana kwenye darasa la Kiswidi la wageni, tukaoana mwaka 2018, yeye akiwa mgane mwenye mtoto mmoja wa kiume.

Huyo mtoto ndiye aliyenifanya nikuandikie. Alikuja nyumbani kwangu ana miaka 12, sasa ana 19. Baba yake alitangulia mwaka 2015 kwa njia ya Uturuki na Ugiriki, akitegemea kumwita mke na mtoto baadaye. Mke akafa kwa bomu mwaka uliofuata, nyumba ikawaangukia. Mtoto alitolewa kwenye kifusi, amu yake akamvusha hadi Uturuki, akakaa huko karibu miaka miwili. Tangu siku ya kwanza ananiita khalti. Kwao mke wa baba huitwa hivyo, nami nikaona ni halati yetu ileile, nikaridhika. Ni kijana wa adabu. Wadogo zake wawili niliozaa mimi, wa miaka 6 na 3, amewabeba kama aliyewazaa yeye.

Desemba 2024, serikali ya Assad ilipoanguka, nyumba yetu ilijaa watu, tukagawa baklava hadi kwa majirani Waswidi. Usiku huohuo zikaanza kuja video za jela ya Sednaya, milango inavunjwa, watu wanatoka wamepigwa na butwaa. Mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, alikamatwa mwaka 2013 na hajaonekana tena. Kijana akawa anazisimamisha zile video, anakuza sura moja moja kwa vidole viwili, anatafuta. Alfajiri namkuta bado yuko palepale. Sura hakuipata. Usingizi ukaenda na haujarudi. Tumbo linamuuma, daktari haoni kitu. Shule akaanza kukosa vipindi.

Mshauri wa shuleni ndiye aliyemwelekeza kwenye tiba ya mtandaoni ya vijana wanaosema Kiarabu. Anaingia kwa BankID yake, kitambulisho cha huku cha kwenye simu. Kila wiki kuna somo la kusoma na zoezi la kufanya, kisha mwanasaikolojia anamwandikia, kwa Kiarabu.

Sasa sikia kioja. Kijana Kiarabu anakisema kama maji, lakini kukisoma hawezi vizuri, kwa kuwa shule aliiacha ana miaka 9 mabomu yalipozidi, na huku amesoma Kiswidi tu. Mimi nilisoma chuo hadi nikahitimu msahafu: herufi nazijua, maana siijui. Basi usiku wadogo wakilala tunakaa jikoni na birika la chai ya maziwa, mimi nakokota maneno. Na maandishi yao hayana irabu! Natamka nusu ya neno, nakwama, naye akisikia mwanzo wake tu analimalizia. Somo la dakika ishirini linatuchukua saa nzima. Siku moja nililitamka neno vibaya likawa jina la mboga, akacheka mpaka akashika meza. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Desemba ile.

Mwezi uliopita baba yake alirudi mapema akatukuta. Ni dereva wa basi, na siku hizi zamu za usiku anaziomba mwenyewe. Alipoelewa ni kitu gani, alisema, "Mwanangu si majnuni." Kisha yakafuata mengine. Kwamba ustawi wa jamii watayaona yale maandishi waje watunyang'anye hawa wadogo. Kwamba yeye alivuka bahari usiku, akapewa habari ya mkewe kwa simu akiwa kambini, na hakumwandikia mtu yeyote barua. Kwamba kijana atapelekwa kwa sheikh asomewe, basi. Akapiga marufuku.

Kijana hajaacha. Tunasoma baba akiwa kazini, nami nanyamaza. Mume wangu ni mtu mwema, sijazoea kumficha kitu. Siku hizi nikisikia ufunguo mlangoni moyo unanidunda kama mwizi.

Na wiki ijayo kuna zito zaidi. Amefika kwenye somo ambalo ataandika siku ile mama yake alipokufa, kila alichokiona na kukisikia. Anataka nikae naye nimsaidie kuandika. Naogopa nitakachokisoma, na naogopa kumkatalia.

Je, tiba ya simu inatibu kweli? Na mimi nisimame wapi kati ya baba na mwana?

Khalti, Malmö

Nyongeza: kuna neno limejaa kwenye masomo yake, mimi nalisoma fadhfadha. Kila nikimuuliza maana yake anatabasamu tu.

*

Waalaikum salaam mdogo wangu,

Nianze na hilo la wiki ijayo kwa sababu halingoji. Siku ya kuandika habari za mama yake, usikae mezani.

Najua utaona nakutenga na mtoto wako. Lakini fikiria atakavyoandika akijua wewe unasoma. Ataipunguza. Sauti aliyoisikia chini ya kifusi ataiacha, na lile analojilaumu nalo moyoni ataliruka, kwa sababu wewe ndiye utakayemwekea kifungua kinywa kesho yake na hataki kukuona macho yamevimba. Zoezi hilo linataka aseme kile ambacho hakuweza kumwambia mtu yeyote wa nyumbani. Huyo anayelipokea upande wa pili amesomea kulipokea, na hatakutana naye kwenye ngazi.

Tatizo la kusoma na kuandika ni la kweli, na wa kulitatua ni wenye mpango. Kijana amwandikie mwanasaikolojia wake leo, hata kwa Kiswidi, sentensi mbili: nasema Kiarabu, kukisoma kunanishinda. Vijana walioondoka Syria au Iraq wakiwa madarasa ya chini wako hivyo wengi, na "tiba kwa Kiarabu" inayodhani kila msema Kiarabu anasoma Kiarabu cha magazetini imewapima kwa kipimo cha wazazi wao. Aombe masomo kwa sauti. Aombe kujibu kwa kurekodi sauti, au kwa simu. Au achanganye, Kiswidi pale kinapofaa na Kiarabu cha Halab pale panapouma. Vijana wa Kiarabu wana hata mwandiko wao wa kuchati kwa herufi za Kilatini na tarakimu, 3 ni ayni na 7 ni ile hhe ya kooni. Naweka dau mwanao anawaandikia rafiki zake hivyo kila siku, ila anadhani kwa mtu mwenye cheo haifai. Inafaa.

Sasa hilo la kama simu inatibu. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza niliguna. Kisha nikakutana na habari za mpango mmoja ulioitwa Ilajnafsy. Ilaj ni tiba, nafsi huna haja ya kutafsiriwa. Wataalamu wa Berlin walichukua mpango wa Kiholanzi wakautengeneza upya kwa Kiarabu kwa ajili ya watu walioumizwa na vita, hasa Iraq, ambako barabara ya kwenda kwa mwanasaikolojia, kama yupo, ilikuwa hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Ulikuwa wa wiki 5, mara 2 kwa wiki, dakika 45 za kuandika, na mtaalamu ambaye Kiarabu ni lugha ya mama yake anajibu kila ulichotuma. Kwanza unaandika lililotokea. Halafu unaandika barua kwa rafiki wa kubuni aliyepatwa na yaleyale, unamshauri. Nilipofika hapo nikaacha kuguna. Mtu anayejihukumu miaka kumi kwa kuwa yeye alitoka kwenye kifusi na mama hakutoka, mwambie amwandikie rafiki mwenye mkasa huo, uone kama atathubutu kumhukumu. Mwisho unaandika barua ya kuagana na siku ile. Mwaka 2015 matokeo yalichapishwa: watu 159 waligawanywa makundi mawili, na waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliokuwa wanangoja zamu yao.

Lebanon nako, Shirika la Afya Duniani pamoja na Wizara ya Afya walijaribu mpango ambao jina lake la Kiarabu ni neno letu lilelile, hatua kwa hatua. Ni masomo 5 ya hadithi yenye picha. Mhusika anasimulia alivyozama kwenye huzuni na alivyojikongoja kutoka, na kila wiki mtu aliyefunzwa kazi hiyo, si daktari, anawasiliana nawe kwa robo saa tu. Wasyria 569 walishiriki, na matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha huzuni imepungua. Jirani zaidi na kwetu, kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp kaskazini mwa Uganda, wanawake wa Sudan Kusini walikusanywa vikundi vikundi wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Hakuna hata intaneti hapo, ni spika tu na sauti inayosema kama wanavyosema sokoni. Nayo ilisaidia.

Nisikufiche upande wa pili: kwenye hizi tiba za mtandaoni wengi huachia njiani. Ukiwa peke yako na simu, ni rahisi kuifunga. Mwanao hajaachia, na naamini birika lako la chai lina mkono wake hapo.

Umeniambia tumbo linamuuma na daktari haoni kitu. Mwaka 2015 UNHCR ilitoa ripoti nzima kuhusu Wasyria na afya ya akili, na sehemu yake moja ni maneno tu, yaani wanavyosema wanapoumia ndani. Hawasemi "nina unyong'onyevu wa akili". Watasema kifua kimebanwa, moyo umebanwa, nimechoka, tumbo. Watasema nafsiyti taabane. Lisikilize hilo kwa sikio la Mombasa: nafsi yangu taabani. Mpango unaoanza na fomu ya maswali ya Kizungu iliyotafsiriwa neno kwa neno utamkosa mtu huyu, atajaza kwamba hana tatizo kisha arudi kitandani na tumbo lake. Ulioandikwa kwa ajili yake utaanzia tumboni. Utajua pia kwamba kijana wa miaka 19 wa Halab hawezi kuambiwa "hayo ni maisha yako, ya baba yako mwachie mwenyewe", kana kwamba baba ni mpangaji wa chumba cha pili. Aulize kama mwanasaikolojia wake ana jambo la kusema kuhusu baba. Akiwa mzuri, analo.

Na kabla sijaenda kwa mumeo: hakikisheni mtu wenyewe. Mwanasaikolojia anayejibu anapaswa kuwa na jina, na jina hilo mnaweza kuliuliza Socialstyrelsen, mamlaka ya afya ya huko, ndiko leseni zilipo. Ulizeni pia nini kinatokea kijana akiandika saa tisa usiku kwamba hataki kuishi. Tiba nyingi za namna hii hazina mtu anayesoma usiku, na ni haki yenu kuambiwa hivyo mapema. Kwa hiyo wewe uwe na 112 kwa dharura na 1177 kwa ushauri, zikiwa zimebandikwa kwenye friji ambapo hata yeye anaziona. Akianza kusema kufa, akianza kugawa vitu vyake, akianza kunywa, mtandao hautoshi tena. Aonwe uso kwa uso, na mkalimani atolewe na hospitali. Usitafsiri wewe, na baba asitafsiri kabisa.

Mumeo, sasa. Nimemsoma kwenye barua yako nikamwonea huruma kuliko nilivyomkasirikia. Alipewa habari ya kifo cha mkewe kwa simu akiwa kambini, na sasa anamkuta mwanawe jikoni na simu, na ndani ya simu mna kifo kilekile. Halafu umeandika jambo ukalipita haraka: zamu za usiku siku hizi anaziomba mwenyewe. Tangu lini? Kama ni tangu Desemba ile, nyumba yako ina watu wawili wasiolala, mmoja anatazama video na mwingine anaendesha basi. Usimwambie hivyo kwa maneno yangu. Siku ya mapumziko yake, watoto wakiwa nje, muulize tu kama analala. Kisha unyamaze umngoje, hata kama ni muda mrefu.

Kuhusu majnuni, muulize siku nyingine, bila kumkomoa, kama alikuwa akipita pale kwenye Bimaristan ya Arghun al-Kamili mjini kwao. Mtu wa Halab ataijua. Ilijengwa mwaka 1354, hospitali yenye vyumba vilivyozunguka ua na bwawa la maji, na wagonjwa wa akili walitibiwa humo huku sauti ya maji na muziki vikihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Mji wake ulikuwa unatibu nafsi za watu karne nyingi kabla ya mtu yeyote kusikia habari za BankID. Anayemwambia kwamba tiba ya nafsi ni kitu cha Waswidi anamdhulumu babu yake.

Sheikh usimpinge. Kijana akitaka kusomewa asomewe, na kila wiki aingie kwenye somo lake. Sheikh anayemwambia mgonjwa aache tiba ndiye wa kumkwepa.

Hofu ya ustawi wa jamii usiichekee. Kuanzia mwishoni mwa 2021 video za Kiarabu zilienea zikidai Uswidi inateka watoto wa Waislamu. Serikali ilikanusha, lakini hofu ilishaingia sebuleni. Mweleze ilivyo: wanaotibu wanafungwa na siri ya kazi, na wajibu wao wa kutoa taarifa unahusu mtoto aliye chini ya miaka 18 wanapokuwa na shaka kwamba anaumia. Kaka mkubwa kukosa usingizi na kumlilia mama yake si kuwaumiza wadogo. Nyumbani kungekuwa na kipigo ningekuandikia barua nyingine kabisa, ila hujasema hivyo, nami sitalichokonoa.

Kuficha kuishe, lakini kuishe kwa utaratibu. Kijana ana miaka 19. Kisheria matibabu yake ni yake, baba hawezi kuyakataza wala wewe huwezi kuyaruhusu. Mwambie yeye kwanza kwamba kumdanganya baba yake huwezi tena. Mpe siku kadhaa amwambie mwenyewe. Asipoweza, wewe utasema sentensi moja: anaendelea, na alichoandika sikijui. Unaona kwa nini nimekutoa mezani? Ukitoka, sentensi hiyo ni kweli tupu, na hata ukibanwa huna cha kutoa.

Mwandae pia kwamba siku mbili tatu baada ya kuandika anaweza kuwa na hali mbaya zaidi, ndoto, hasira, kutokula. Mara nyingi hupita, na amwambie anayemjibu. Zile video za Sednaya asizitazame usiku. Simu ilale sebuleni. Kama familia ya mamaye inaendelea kumtafuta mjomba, kazi hiyo ifanywe na mtu mzima mwingine, mchana, kwa majina na karatasi. Kijana asiachiwe kukuza sura kwa vidole akiwa peke yake gizani.

Na ile saa ya jikoni usiiue. Ndiyo niliyoipenda kuliko vyote kwenye barua yako. Msome kitu kingine, mapishi ya kwao, habari za mpira, chochote kisicho na irabu. Wewe kokota, yeye amalizie. Baada ya miezi mitatu atakuwa anasoma mwenyewe, na wewe utakuwa umejua maana ya nusu ya unachotamka.

Lile neno lako umelisoma sawasawa. Fadhfadha ni kutoa ya moyoni, yote, bila kuyapanga. Anachotabasamia, nadhani, ni kulisikia likitoka na dhadi nzito ya kwenye msahafu, kwa makhraji ya chuo cha Mombasa, neno ambalo kwao ni la kwenye gumzo la kahawa.